Sukari Niliyoitia Shubiri

Nyumba ya Tanuri,
Mtaa wa Reli, mlango wa nyuma.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa bibi yako mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Hujambo? Unalalaje huko kwa shangazi yako? Kichwa bado kinawaka moto, au baridi ya mlimani imekipoza? Masikio bado yanalia? Unijibu moja baada ya jingine. Usiniandikie "sote wazima" kama mtu anayekimbilia basi.

Sisi huku tunapumua. Baba yako anakohoa unga kama kawaida yake, na magoti yangu yanatangaza mvua kabla ya redio. Tanuri linawaka, mikate inatoka, wateja wanalalamika kwamba imekuwa midogo na wanainunua hivyo hivyo. Upande huo hatujambo. Upande mwingine hatuko sawa, na ndio ulionikalisha hapa mezani.

Ungekuwa mtu wa kushika simu ningekupigia, nikakugombeza, nikamaliza, nikarudi kwenye kazi yangu. Lakini wewe na simu mmeachana, kwa hiyo itabidi uvumilie mwandiko wangu. Unajua shule mimi niliipitia mlangoni tu. Ningeweza kumwambia baba yako aniandikie, ana mwandiko mzuri yule, lakini haya si mambo ya kupitia mkono wa mtu mwingine. Herufi ikilala upande, isome ikiwa imelala.

Juzi dereva wa lori la unga alifika. Unamjua, mtu wa kupiga honi toka kona ya kwanza kama amebeba bibi harusi. Safari hii hakupiga. Akashuka polepole, akavua kofia, nikajua hapa pana jambo. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu yukoje huko?"

"Mama, nisikudanganye. Amepungua."

"Amepungua nini, mwili au jeuri?"

"Mwili, mama. Nguo ndizo zinazomvaa yeye."

Ndipo akaniambia aliyotumwa na shangazi yako. Kwamba unakula uji mtupu, nao huumalizi. Kwamba ukiwekewa tunda unalisukuma pembeni kama limeoza. Kwamba ulianguka na ndoo ya maji karibu na banda la kuku, shangazi yako akakuinua akaona huna uzito hata wa kumchosha. Na alipokubana useme kwa nini huli, ukamwambia, "Bibi atasema ni ulafi."

Dereva alipofika hapo akaanza kutazama viatu vyake. Mimi nikamwambia, "Shusha unga, hukuletwa hapa kuhubiri." Maskini wa Mungu, akashusha. Mimi nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia, na baba yako aliponiita nikajitia sisikii.

Sasa nataka niyaseme yaliyotokea, moja moja. Najua unayajua kuliko mimi. Nataka ujue kwamba na mimi nayajua.

Ilianza pale walipousimamisha ule mnara wa simu juu ya paa la duka la vitambaa, mkabala na dirisha lako. Muda si mrefu baba yako naye akaleta kile kisanduku cha intaneti, akakipigilia ukutani juu ya kaunta ili wateja walipe kwa simu. Wewe ukaanza. Kichwa kinaungua, masikio yanalia, mwili unachomachoma, usingizi hakuna. Nikasema msichana amechoka kazi. Kazi ya tanuri si ya kila mtu, nikasema, mbele yako.

Halafu ukachukua karatasi zangu za alumini, zile tunazofunikia mikate mitamu isiungue juu, ukabandika chumba kizima, eti kuzuia mawimbi ya simu. Ukuta, dirisha, mpaka nyuma ya mlango. Nilipofungua nikasema, "Haya, mkate umeshafungwa, bado kuokwa tu." Watu wakacheka mpaka mkandaji wetu wa unga akakalia beseni la kinyunya. Wewe hukucheka. Niliona hukucheka. Na hapa acha nikugombeze kidogo maana haki ni haki: ile gundi uliyobandikia uliikoroga kwa unga wangu wa daraja la kwanza, mtoto wewe, na unga wa daraja la pili ulikuwepo pale pale mlangoni!

Baadaye ikaja sukari. Kwanza ulikuwa unaramba mwiko wa shira, nikanyamaza, nani hajawahi kuramba mwiko. Kisha ukawa unakata kinyunya kibichi cha mikate mitamu na kukimeza bila kutafuna. Kisha ukawa unaingia stoo na kijiko. Mimi ni mwanamke, nikakutazama tumbo kwa jicho la pembeni nikangoja. Tumbo halikutokea. Basi nikasema ni ulafi. Nikakupa jina la Kijiko, na jina likashika, maana mimi nikimpa mtu jina halibanduki. Hata wateja wakawa wanauliza, "Kijiko yuko wapi leo?" Nilijisikia mjanja sana.

Nikafunga stoo. Ukaupata ufunguo. Hapo nikapandwa na hasira ambayo hata leo naielewa. Hapa kwetu anayeingia stoo ni mtu wa nyumba. Mkandaji alifanya kazi miaka kabla sijamwambia aingie mwenyewe. Nikaona mjukuu wangu wa damu ananifanya mimi ndiye mgeni wa sukari yangu. Badala ya kukuita tukae tuzungumze, nikakaa na hasira yangu nikaipikia njama.

Baba yako nilimwachisha ziwa kwa shubiri. Shangazi yako vilevile. Unapaka kidogo, mtoto anakunja uso, analia, kesho amesahau. Nikasema kama imewaachisha wazazi ziwa itamwachisha binti sukari. Nikaisaga, nikaichanganya kwenye lile kopo uliloficha nyuma ya magunia, nikakoroga kwa mkono wangu huu. Tena nikamwita mkandaji na baba yako waje waone. Tukasimama nyuma ya mlango kama watu waliokata tiketi.

Ukaingia, hukutuona. Ukatia kijiko mdomoni. Uso ukajikunja kama kitambaa cha kufutia meza, nasi tukaangua kicheko. Ukageuka ukatuona. Nilingoja uteme. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kukuambia ukitema.

Hukutema. Ukameza. Ukachota tena, ukala. Ukachota tena. Machozi yanatoka, kamasi zinatoka, na bado unachota, huku unanitazama mimi, mimi peke yangu. Mkandaji akaacha kucheka. Baba yako akatoka nje. Hata mtu asiyejua kusoma angeweza kusoma pale kwamba mlafi hali kitu kama kile. Mlafi anachagua. Wewe ulikuwa unakula kama mtu anayezama anavyoshika majani.

Nami nikafungua mdomo wangu nikasema, "Mwoneni! Hata shubiri haimtoshi!"

Hilo ndilo ninaloamka nalo, mke mwenzangu. Shubiri naweza kuitafutia maneno, nilikuwa na hasira, nilidhani ni dawa. Lakini pale nilikuwa nimeshaona. Niliona kabisa kwamba mtoto anaumwa, na nikasema vile kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na mimi sikujua namna ya kuanza kuwa mpole mbele za watu. Kesho yake ukapanda lori. Nilikuwa tanurini, nageuza mikate isiyohitaji kugeuzwa, mpaka lori likaondoka.

Baada ya dereva kuniambia habari zako nikaenda zahanati, kwa daktari yule mama mrefu anayenunua mkate usio na chumvi. Nikamwambia magoti. Akayabonyeza, akanipa dawa ya kuchua. Sikuinuka. Akaniuliza, "Kuna lingine, bibi?"

Nikamwambia nina jirani, ana mjukuu, mjukuu anasema anaumizwa na mawimbi ya simu, na anakula sukari kwa kijiko.

"Jirani," akasema, na akasogeza kiti. "Haya, nieleze habari za huyo jirani."

Akaniuliza mjukuu alikuwa analalaje. Sikujua. Alikuwa na hofu? Sikujua. Alikuwa analia? Sikujua, mwanangu. Nilijua kila punje ya sukari iliyotoka stoo, lakini kulala kwako sikukujua, na chumba chako kiko ukuta mmoja na changu.

Daktari akanieleza taratibu, na mimi nikamrudisha nyuma kila aliponizidi. Anasema ubongo wa mtu unajipikia kemikali zake wenyewe. Moja inahusika na utulivu, usingizi na hamu ya chakula, jina lake serotonini. Nyingine ndiyo inayokufanya utamani kitu na ukifuate, hiyo dopamini. Mtu akikaa muda mrefu hapati usingizi, ana maumivu, ana hofu ya kitu asichoweza kukiona wala kukikimbia, mapishi hayo yanaharibika. Hapo ubongo unatafuta nafuu ya haraka, na kitamu kinaleta nafuu ya haraka. Kikiisha, mtu anashuka chini kuliko alipokuwa, anatafuta tena. Anasema amewaona wengine wenye ugonjwa kama wako wakija na uchu kama huo, ingawa si wote, na hata madaktari hawajayajua yote. "Ila si ulafi, bibi," akasema. "Na kumwaibisha mtu kama huyo ni kumwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyoharibu chungu toka mwanzo."

Unanijua, siwezi kuondoka bila kushindana. Nikamuuliza, "Mawimbi yanamuumiza au hayamuumizi? Nipe neno moja."

Akasema mawimbi yapo, lakini majaribio hayajaonyesha kwamba ndiyo yanayoumiza. Watu wamewekwa chumbani, mtambo ukawashwa, ukazimwa, hawakuweza kutambua lini umewashwa. "Lakini maumivu yao hayakuwa ya uongo. Kichwa kilichouma kiliuma."

"Kwa hiyo nilikuwa sawa!" nikasema.

"Jirani yako, unamaanisha."

"Ndiyo, jirani yangu."

"Jirani yako alikuwa sawa kuhusu mnara," akasema. "Na mjukuu wake yuko wapi sasa?"

Nikachukua dawa yangu ya kuchua nikatoka. Nilipofika njiani nikakumbuka hata sikumuaga.

Nisikudanganye, mimi bado siamini habari ya mawimbi. Sitakuandikia uongo ili nionekane bibi mwema. Lakini naamini kichwa chako. Nimechelewa kukiamini, na kuchelewa kwangu kumekuchelewesha na wewe.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote, na hili hata baba yako halijui. Nilipokuwa na mimba ya shangazi yako nilishikwa na uchu wa udongo wa tanuri. Si udongo wowote, ule ulioungua, wa ukuta wa ndani. Nilikuwa nabomoa tanuri la watu kwa kucha na kulitafuna, mke wa nyumba, mtu mzima na akili zangu. Mama mkwe wangu akaniona. Mwanamke mkali yule, mimi ni pamba mbele yake. Hakusema kitu. Kesho yake nikakuta kipande cha udongo kimewekwa kando ya sinia langu, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Ikawa hivyo kila siku mpaka uchu ukaisha wenyewe, na alikufa hajawahi kunitania. Sasa niambie, mimi niliyefanyiwa vile nilikwenda wapi kuokota shubiri?

Kile kisanduku cha intaneti nimekiondoa ukutani. Usidhani ilikuwa rahisi. Baba yako alisimama mbele yangu na koleo la tanuri mkononi akasema, "Mama, wateja watatukimbia." Nikamwambia mwanao ndiye aliyekimbia kwanza, na hukushika koleo. Akaliweka koleo chini. Sasa kisanduku kiko kibanda cha mbele, mbali na vyumba, na wateja wanatoka nje kulipa huku wananung'unika. Waache wanung'unike, mkate wanakula. Mnara siwezi kuung'oa. Ningekuwa na magoti ningejaribu.

Jina lile pia nimelifuta. Jana mteja mmoja, yule kinyozi wa kona, aliuliza, "Kijiko atarudi lini?" Nikamwambia hapa hatuna mtu wa jina hilo, na kama ana haja na vijiko aende duka la vyombo. Akaondoka amesahau chenji yake.

Nawe unayo makosa, usijione malaika. Ulichukua ufunguo bila kuomba. Uliondoka bila kuniaga. Na ulikuwa na mdomo, ungeweza kunikamata mkono ukaniambia, "Bibi, siwezi kuacha, nisaidie." Halafu nikiwaza hivyo najiuliza ningekujibu nini siku zile, na makosa yako yote yananiponyoka mkononi.

Basi sikiliza, nafika kwenye neno lenyewe. Wewe hukuacha sukari huko, mjukuu wangu. Umeacha kula. Umechukua mdomo wangu ukaenda nao mlimani, ukaukalisha mezani kila unapokula, unaungoja useme. Nami niko hapa, na huko siwezi kuunyamazisha, ila kwa karatasi hii. Kwa hiyo soma vizuri, na shangazi yako asome pia kwa sauti ili kuwe na shahidi.

Kula. Daktari anasema ule chakula kamili kwa wakati wake, mayai, maharage, samaki wakipatikana, matunda, usikae na tumbo tupu maana ndipo ubongo unapopiga kelele. Usilale na njaa. Nenda zahanati ya huko wakupime damu, na uwaambie habari ya usingizi na ya hofu, usiwaambie ya mawimbi peke yake. Na siku ukishikwa na hamu ya kitamu, ule kidogo, umekaa kitini, mlango wazi, mbele za watu. Mtu akikutazama, mwambie bibi yangu kaniruhusu, na kama ana neno, mlango wa nyuma, Mtaa wa Reli, aje aniambie mimi.

Sikuombi urudi. Mnara upo, na chumba chako nimekiacha na karatasi zake zote, sijabandua hata moja. Sikuombi unisamehe pia. Hilo litakuja siku yake, na lisipokuja nitakuwa nimelitafuta mwenyewe. Usijisumbue hata kujibu barua hii kama moyo haujataka. Dereva anapita huko kila akipeleka unga. Nimemwambia asikuulize chochote, akutazame tu umesimamaje, kisha aniletee habari. Ukitaka kunipiga, nipige kwa kunenepa.

Baba yako anakusalimu, amesimama nyuma yangu anajifanya anatafuta mizani. Anasema anakuombea, na anasema pole, ingawa hilo la pili amelisema kwa kukohoa. Mkandaji anakusalimu sana. Hajacheka tangu siku ile stoo, na mkandaji asiyecheka anatoa mkate mgumu, ninyi wawili mtanifilisi. Shangazi yako msalimie, mwambie nimesikia yote aliyomtuma dereva, hata lile la kuniita mzee mgumu, na kwamba ni kweli. Kuku wake pia wasalimie, mradi wanataga.

Mungu akushushie usingizi mzito usio na ndoto za watu wanaocheka, na asubuhi akuamshe na njaa.

Wako akupendaye, hata siku ile mdomo wake uliposema mengine,

Bibi yako.